Kitabu cha Barza

Profe alikuwa mtu wa kusukuma baiskeli. Si kwamba ilikuwa imeharibika. Ilikuwa nzima, ina breki na kengele, naye alijua kuiendesha. Lakini kutoka Kikula hadi katikati ya mji wa Likasi aliisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, akizungumza peke yake njia nzima. Nilipomuuliza kwa nini hapandi, alinijibu kwamba juu ya baiskeli mtu hawezi kufikiri na kuangalia magari kwa wakati mmoja, na yeye hakutaka kufa kabla hajapata kitabu chake. Nikacheka. Bado sikujua ni kitabu gani.

Kwetu mwalimu wa sekondari huitwa profe, awe amesoma mbali au karibu. Huyu alifundisha fizikia. Mimi nilikuwa mtunza maktaba ya serkle, yaani klabu ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi. Maktaba ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichotengwa na baa kwa ukuta mwembamba. Upande ule watu walikunywa bia na kubishana mpira, upande wangu walikuja wachache kutafuta riwaya za mapenzi na magazeti ya zamani. Profe hakuwa mtu wa kampuni, na kwa kanuni hakuruhusiwa kuingia. Nilimruhusu kwa sababu alikuwa jirani yangu kule Kikula, na pia, niseme ukweli, kwa sababu chumba kile kilikuwa na upweke na yeye alikuwa na maneno.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza yangu, koti lake la abakosti limefungwa vifungo mpaka shingoni na chaki inachungulia mfukoni.

“Mama, niko natafuta buku.”

“Buku gani, Profe?”

“Buku ya kufasiria muntu mwenye hajue kintu, namna gani ma-partikile inajuana.”

Nilimuuliza kama ni kitabu cha dini. Hakukasirika. Akanieleza akiwa amesimama vilevile. Meza hii, moshi wa kiwanda cha Shituru unaotuwasha koo, damu yetu, vyote vimefanyika kwa chembe ndogo mno, na chembe hizo hazikai kila moja kivyake. Zinavutana, zinasukumana, zinageuzana. Kama zisingefanyiana hivyo, meza isingekuwa meza, wala mimi nisingekuwa mimi. Alitaka kitabu cha jambo hilo kilichoandikwa kwa ajili ya mtu anayeanza.

“Lakini weye hauanze, Profe. Weye unafundisha.”

“Minye najua kidogo. Shida, minye moja tu njo najua. Nikipata ile buku nitaipatia muntu mwingine. Atasoma, kiisha atakuya ku barza yangu, tutasemezana.”

Basi hilo ndilo alilotafuta miaka yote niliyomjua. Wengi walidhani anatafuta elimu. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye kwenye barza, kile kibaraza cha mbele ya nyumba tunapopokelea wageni, na alidhani mtu huyo atatoka katika kitabu.

Kwenye barza yake palikuwa na viti viwili. Kimoja kilibonyea kwa kukaliwa. Cha pili alikipangusa vumbi kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, na ukikikaribia tu alikuuliza umekuja kwa ajili gani. Hapo ndipo alipokuwa akinichosha. Alisema duniani hakuna kitu kilicho peke yake, kisha mgeni akija kuzungumzia bei ya unga au ugonjwa wa mtoto, alimjibu neno moja na kutazama barabara. Hakuwa na kiburi. Maneno ya watu yalimpita tu, naye hakujua ayashike wapi.

Vitabu alivipima kwa mfano wa nyumba. Maktaba yetu ilikuwa na ensiklopedia ya Kifaransa iliyoachwa na Wazungu. Alifungua palipoandikwa “interaction”, akaelekezwa atazame “particule”. Kitabu cha herufi P hakikuwepo; mhandisi mmoja Mzungu alikiazima akaondoka nacho kwenda Ulaya. Profe alikaa muda mrefu akitazama pengo lile kwenye rafu, kisha akasema kwa upole kwamba Mzungu yule angalau anajua sasa.

Baadaye nilimwagizia kitabu kutoka Lubumbashi. Kilikuja kinene, kizito, na ukurasa wa kwanza tu ulikuwa umejaa alama za hesabu kuliko maneno. Alikaa nacho likizo nzima. Alipokirudisha macho yake yalikuwa mekundu.

“Hii inaanzia ku chumba ya kulala,” aliniambia. “Muntu mwenye kuandika hakupitisha mugeni ku mulango.”

Mtawa mmoja akampa kitabu cha watoto. Hicho kilisema chembe ni vimpira vidogo sana, kikachora vimpira vyekundu na vya bluu, kikaishia hapo.

“Na hii inakuacha ku lupango,” akasema, maana yake uani, nje kabisa. “Moja ku lupango, moja ku chumba. Ya barza iko wapi, Mama?”

Kila mara niliposikia kwamba kuna vitabu vimeletwa mahali, kwa mapadri au kwenye ofisi ya kampuni, nilikwenda kuangalia. Nilijua kabisa natafuta nini: kitabu cha barza. Wenzangu walinitania kwamba nimeolewa na fizikia.

Wanafunzi wake walimheshimu bila kumwelewa. Mwaka mmoja aliwapeleka Koni, kwenye ile stesheni ya umeme juu ya mto Lufira, na kwa kuwa lori lilikuwa na nafasi nami nikaenda. Fundi wa pale alitueleza maji yanavyoshuka na kuzungusha mashine. Watoto walitazama maji, kama mimi, kwa sababu maji ndiyo yaliyopiga kelele. Profe alisimama mbele ya jenereta akiwa amewapa mgongo.

“Mwangalie muzuri,” aliwaambia. “Mule ndani sumaku inazunguka, nyaya iko pembeni. Hakuna kintu inagusa kintu. Na muji yote inawaka.”

Akanyoosha kiganja kuelekea mashine, bila kuigusa. Watoto wakatazamana. Mmoja aliuliza kama wanaweza kwenda kula mikate yao sasa, naye akasema ndiyo, muende. Akabaki pale peke yake mpaka dereva akapiga honi.

Alikuwa na matumaini na mmoja wa wanafunzi hao, kijana mwenye akili kali aliyekwenda kusoma chuo kikuu. Kwa miaka Profe alimtaja kama watu wanavyomtaja mtoto aliye safarini. Kijana akarudi mhandisi, ana gari la kampuni. Walikutana mbele ya posta nami nikiwepo. Profe hakumuuliza hata habari za safari, alianza moja kwa moja na kiini cha atomu, vipi protoni zinazochukiana zinakaa pamoja mle ndani. Mhandisi alicheka kwa heshima, akasema, “Ah, Profe, ungali paka na ile mambo?” Paka kwetu ni “tu”. Akatoa noti, akaitia kwenye mfuko ule wa chaki, akamwambia akanywe bia. Profe alimshukuru. Njia nzima kurudi Kikula hakuzungumza na baiskeli yake.

Sijawahi kumwona mwenye furaha kama siku alipotoka katika ofisi moja ambayo zamani zile hatukuitaja kwa sauti. Alikuwa ameandika barua Ulaya kuomba vitabu vya chembe, na barua ikafunguliwa njiani. Mnakumbuka, au kama hamkumbuki nawaambia, kwamba karibu na mji wetu upo mgodi uliofungwa ambao jiwe lake lilitumika kutengeneza bomu la atomu. Mtu anayeandika Ulaya kuhusu atomu kutoka Likasi lazima aulizwe. Walimchukua asubuhi shuleni mbele ya watoto. Mimi nililia, majirani wakaanza kusema habari zake kama za marehemu. Jioni tukamwona anakuja, anasukuma baiskeli, anatabasamu.

“Walikufanya nini, Profe?”

“Alinisikiliza, Mama! Ule sitwayen, mukubwa wa ofisi, alikaa, akakamata kalamu, akanisikiliza toka asubui. Nilimufasiria yote. Anaandika, mi nasema. Nilimuchorea hata ma-elektroni.”

“Na yeye alisema nini?”

“Aliuliza paka moja. Aliuliza: nani mwingine anajua hii mambo ku Likasi?”

“Ukajibu nini?”

“Nilimwambia hakuna. Nikamwambia njo shida yenyewe.”

Kwa majuma kadhaa baada ya hapo alipita mbele ya ofisi ile polepole, akitumaini kuitwa tena. Mtu akikusimulia hayo utacheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaingia ndani kwangu nikakaa kitandani, kwa sababu yalinichoma.

Lazima niseme habari ya sahani, maana bila hiyo hamtamjua. Kwetu Kikula, jirani akipika kitu kizuri hukutumia sahani imefunikwa kitambaa. Wewe unakula, unaosha, unaikalisha sahani kwako. Inakaa siku kadhaa, hata juma. Siku ukipata kitu unaitia ndani na kuirudisha: karanga, kipande cha chikanda, ule mkate wa mizizi, hata chumvi kidogo. Sahani hairudi tupu, na hairudi haraka. Ikirudi tupu na haraka, maana yake tumemalizana, usinijue nisikujue. Hakuna aliyefundishwa jambo hili. Mtu hulijua kama anavyojua kusalimia.

Profe hakulijua. Alipohamia mtaani wanawake walimwonea huruma, mwanamume wa peke yake, wakampelekea bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Kabla moto wao haujazimika aliwarudishia sahani, imesuguliwa inang'aa, tupu. Jirani wa mbele yake, mama mwenye ulimi, alisimama barabarani ameishika.

“Mwone! Anatufukuza! Chakula yetu inamuunguza mikono?”

Nilikwenda kumweleza. Alinisikiliza vizuri, kwa kuwa lilikuwa jambo lenye kanuni.

“Minye sina kintu ya kuweka mule, Mama.”

“Basi iache ikae, Profe. Ikae kwako mpaka upate.”

“Ikikaa kwangu inanitazama. Kintu ya batu lazima irudi.”

Akaendelea vilevile. Sahani zikapungua, kisha zikaisha, isipokuwa yangu ya Krismasi na ya Pasaka, ambayo ilirudi kila mara kabla sijamaliza kula ya kwangu. Nikazoea. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta kinachovishikamanisha vitu, nami kila sikukuu nilimtazama akivuka barabara na sahani tupu.

Kitabu kilipatikana wakati ambapo hakuna aliyekuwa anatafuta vitabu tena. Kampuni ilikuwa inadorora, mishahara inachelewa, serkle wameuza meza za mchezo wa bilia. Padri mmoja mzee alikuwa anarudi kwao na kugawa vitu vyake. Chini kabisa ya sanduku lake nilikuta kitabu chembamba cha Kifaransa chenye picha, na maneno yake ya mwanzo yalimkaribisha msomaji ambaye hajui kitu. Nilikimbia nacho mpaka Kikula, na umri wangu ule.

Profe macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikishika, akakinusa, akasogea penye mwanga na miwani yake miwili mmoja juu ya mwingine. Ukurasa wa tatu akaanza kucheka.

“Barafu, Mama! Anasema watu wawili basimame juu ya barafu na viatu ya chuma, batupiane mupira. Kila mara moja anatupa, anateleza nyuma. Mwingine anadaka, naye anateleza. Hawagusane, lakini banasukumana. Njo vile ma-partikile inafanya.” Akapangusa macho. “Shiye barafu tunajua paka ya ku frigo. Lakini iko buku ya barza. Barza ya bengine, lakini barza.”

Akaanza kukiazimisha. Alimpa mwalimu mwenzake wa kemia, akampa katekista, akampa mtu wa famasi. Kila mmoja alikirudisha upesi, kikiwa safi, bila neno, kama yeye alivyokuwa akirudisha sahani zetu. Mimi hakunipa. Nadhani kwake mimi nilikuwa mtu wa kuleta vitabu, si wa kuvisoma, na jambo hilo liliniuma kidogo, lakini nami sikuomba.

Kisha ukaja ule wakati mbaya. Wanasiasa walisimama kwenye majukwaa wakasema watu wenye asili ya jimbo la Kasai warudi kwao, na maneno yakashuka kutoka majukwaani yakaingia mitaani kwetu. Watu waliozikiana, waliooana, wakaanza kutazamana kwa majina. Profe alikuwa wa Kasai kwa jina lake tu. Hakuwahi hata kuiona. Asubuhi moja nilikuta mlango wake umevunjwa, viti vyote viwili havipo. Wakaniambia yuko gare, kwenye stesheni ya treni, pamoja na wengine.

Stesheni ilikuwa imejaa familia nzima, na magodoro, masufuria, vyerehani, zikingoja treni ambazo haikujulikana zitakuja lini. Wengine walikuwa wamekwisha kuzika watu wao palepale kando. Nilipika bukari na samaki wa Kapolowe, nikafunika kwa kitambaa, nikatoka. Wanawake waliokaa kwenye barza zao walinyamaza nilipopita. Yule mama mwenye ulimi alitazama sahani, akatazama upande niliokuwa naelekea, akaingia ndani.

Nilimkuta ameegemea ukuta, amekalia sanduku, amekonda. Baiskeli ilikuwa imechukuliwa. Kitabu kilikuwa magotini. Nilisema, “Jambo, Profe,” naye akageuza uso kwenye sauti.

“Mama wa ma-buku.”

Alikula polepole, akiwagawia watoto wa familia iliyokuwa jirani yake. Alipomaliza akanisogezea kitabu.

“Macho imekwisha. Unisomee, kama hauna haraka.”

Nilianza mwanzo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nakisoma mwenyewe, kwa sauti, katikati ya vilio vya watoto na moshi wa mbaula za mkaa. Kifaransa chake kilikuwa chepesi. Nilifika pale penye watu wawili juu ya barafu. Nilisoma jinsi mmoja anavyotupa mpira na kurudi nyuma, mwingine akadaka na kurudi nyuma, kila mara mbali zaidi. Niliinua macho nikaona ile stesheni yote. Nikarudi kwenye kitabu, nikasoma tena mistari ile, kwa sababu kuna kitu hakikukaa sawa.

“Profe, mupira inabasukuma, inabatenga. Hapo nimesikia. Lakini uliniambia zingine zinavutana. Aba benye kuvutana, beye banatupiana nini?”

Nilidhani nimeuliza ujinga, nikataka kuendelea kusoma. Aliweka mkono wake juu ya ukurasa.

“Rudilia,” alisema. “Rudilia ile ulizo.”

Nikarudia. Machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watu wote, naye hakuyafuta.

“Njo ulizo yenyewe. Miaka yote hii. Nilibapatia bote, hakuna hata moja aliuliza.” Alivuta pumzi. “Mufano ya barafu inafia palepale, Mama. Buku inapita kando, haiseme. Ma-kalkile inajua, hesabu inaionyesha, lakini mufano hakuna. Minye nilitafuta mufano, sikuipata.”

Tulikuwa tumekaa, mimi na yeye, juu ya lile sanduku. Nilijua ni barza ile aliyoitaka, na nilijua imekuja ikiwa imechelewa. Vidole vyake vilikuwa vinazunguka ukingo wa sahani yangu pole pole, tayari kuitafutia maji ya kuiosha, kama kawaida yake. Halafu vikasimama.

“Pengine aba habatupiane,” alisema. “Pengine banapelekeana.”

Jua lilipoinama nikasimama, nikanyoosha mkono kupokea sahani. Hakunipa. Aliipangusa kwa kitambaa, akaiweka ndani ya mfuko wake pamoja na kitabu, akaufunga mfuko kwa kamba.

“Hii sirudishe, Mama. Sina kintu ya kuweka mule. Itakaa kwangu.”

Treni yao iliondoka siku ambayo sikuwepo, na sikusikia habari zake tena. Lakini jioni ile, nilipoingia mtaani mikono mitupu, wanawake walikuwa bado kwenye barza zao. Yule mama mwenye ulimi ndiye aliyeniuliza sahani iko wapi.

“Iko kwa Profe,” nilimwambia. “Shiye na yeye hatuyamalizana.”